Siku nne za mwisho barabarani Ayalandi: tuliyoambiwa na yaliyo kweli

Mjomba wangu alipokuja kunitembelea kutoka Tanga mwezi Mei, alishika daftari dogo mkononi. Ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, na safari kwake ni kuandika. Kurasa za mwanzo alikwisha kuzijaza kabla hajapanda ndege, kwa maneno aliyoambiwa kuhusu Ayalandi na jirani aliyesoma London, na kijana wa wakala wa tiketi, na mzee wa msikitini mwenye mtoto Manchester.

Tulikodi gari Cork, ninakoishi, tukazunguka siku tisa. Siku tano za kwanza, Kerry na Clare, tulitazama tu na kupiga picha. Daftari lilianza kazi zilipobaki siku nne, pale tulipolazimika kuchagua njia ya kupita na ya kuiacha, huku tarehe ya ndege ikitusukuma. Mengi aliyoambiwa yangetupotezea muda. Moja lingemtia Mjomba matatani na uhamiaji wa nchi mbili.

"Kisiwa kidogo hicho, siku nne mnakimaliza"

Kwa vipimo, ni kweli ni kidogo. Kutoka kusini hadi kaskazini ni kilomita 486, na upana wake 275. Dublin hadi Galway ni kama kilomita 210, na kwa barabara kuu ya njia nne unafika kwa saa mbili na nusu. Hapo ndipo watu hudanganyika, wakadhani pwani ya magharibi nayo inakwenda hivyo.

Haiendi hivyo. Barabara ya watalii inayofuata ufuo wa Atlantiki, Wild Atlantic Way, inaanzia Kinsale hadi rasi ya Inishowen kule Donegal, na ina kilomita 2,500 kwa sababu inaingia na kutoka kila ghuba. Njia nyingi za vijijini huko ni nyembamba kiasi kwamba magari mawili yakikutana moja lirudi nyuma, na katikati ya lami nyasi zimeota. Tangu Februari 2025 mwendo wa juu kwenye njia hizo ndogo umeshushwa kutoka kilomita 80 kwa saa hadi 60, na mara nyingi hata hiyo 60 huifikii, kondoo wamelala barabarani. Mimi sasa nahesabu hivi: kilomita 200 za magharibi ni siku nzima. Ukipanga zaidi, utakachokumbuka ni usukani.

Kinachokusaidia ni mwanga. Mwishoni mwa Mei kule Mayo jua linazama karibu saa nne usiku. Mjomba aliswali Magharibi wakati ambao Tanga watu wamekwisha kulala. Lakini anayekuja Desemba ajue kwamba giza linaingia saa kumi na dakika chache alasiri, kwa hiyo siku yake ya barabarani ni nusu ya yetu.

"Kiairishi ni Kiingereza chenye lafudhi"

Hili Mjomba alilipigia mstari mwenyewe, kwa wino mwekundu, baada ya saa moja tu ya Alhamisi.

Tulitoka Galway kwa barabara ya R336 inayofuata bahari kuelekea An Spidéal. Ukishapita Bearna, Kiingereza kinaanza kutoweka kwenye vibao. Kwenye makutano, mahali ambapo kote nchini pameandikwa neno la Kiingereza la kumpisha mwenzako, huku pameandikwa GÉILL SLÍ. Hapo umeingia Gaeltacht, maeneo ambayo Kiairishi ndiyo lugha ya nyumbani. Na huko mjini, kibao kinachosema An Lár kimewapoteza wageni wengi wakitafuta mji wa Lár kwenye ramani, kumbe maana yake ni katikati ya mji. Dublin penyewe kwa Kiairishi ni Baile Átha Cliath, mji wa kivuko cha fito zilizosukwa.

Ni lugha nyingine kabisa, ya ukoo wa Kikelti. Sentensi yake huanza na kitenzi. Haina neno moja la "ndiyo" wala la "hapana". Ukiulizwa jambo, unakirudia kitenzi chenyewe, umekubali au umekanusha. Nilipomweleza hivyo Mjomba alicheka sana. "Sasa ajabu iko wapi, mwanangu? Mtu akikuuliza 'umekula?', si unajibu 'nimekula'?"

Kwa katiba ya 1937 Kiairishi ndiyo lugha rasmi ya kwanza ya taifa, na tangu tarehe 1 Januari 2007 ni lugha rasmi ya Umoja wa Ulaya. Lakini sensa ya 2022 inauma: watu karibu milioni 1.87 walisema wanaweza kukizungumza, na wanaokizungumza kila siku nje ya shule hawakufika 72,000. Hakikufa chenyewe. Katika karne ya 19 kulikuwa na kijiti kilichoitwa bata scóir, mtoto akivishwa shingoni. Kila akizungumza Kiairishi kinachorwa alama, na jioni alama zinahesabiwa kwa viboko. Wazazi wenyewe wakati mwingine walikubali, maana waliona mtoto asiye na Kiingereza hatapata kazi wala pa kuhamia.

Mjomba aliacha kuandika hapo. Ameona shule zetu ambamo mtoto huvishwa kibao kwa kosa la kusema Kiswahili uwanjani, na Wakenya wanakijua kile kidude cha kupokezana shingoni kwa aliyesema lugha ya mama. Tulikwenda kilomita nyingi bila kusema kitu.

"Walikufa njaa kwa sababu viazi vilioza"

Viazi vilioza, ndiyo. Wakulima wa Lushoto wanaujua ugonjwa ule, baka jani, unaolaza shamba zima kwa siku chache. Ulifika Ayalandi mwaka 1845 na ukarudi. Lakini kiazi kilikuwa chakula cha maskini peke yake. Nafaka, siagi na ng'ombe viliendelea kusafirishwa kwenda Uingereza miaka yote ile, mara nyingine chini ya ulinzi wa askari. Mwaka 1847 sheria ilitungwa kwamba mwenye zaidi ya robo eka ya ardhi hapewi msaada, kwa hiyo mtu alichagua kati ya shamba na uji. Hadi 1852 watu kama milioni moja walikuwa wamekufa, na zaidi ya milioni moja wamehama.

Ukitoka Leenane kwa barabara ya R335 unaingia bonde la Doolough, kaunti ya Mayo. Ziwa liko upande mmoja, milima imekubana, nyumba hakuna. Kando ya barabara uko msalaba wa jiwe. Machi 1849 mamia ya watu wenye njaa walioko Louisburgh waliambiwa waende Delphi, kama kilomita 19, wakakaguliwe ndipo waendelee kupewa chakula. Walitembea kwenye baridi bila viatu. Walipofika hawakupewa kitu, wakaambiwa warudi, na wengine wakafia njiani humo humo tulimopita na gari lenye joto.

Mjomba aliuliza watu wa hapa walikuwa wangapi zamani. Sensa ya 1841 ilihesabu milioni 8.2 kisiwa kizima. Leo, Jamhuri ya Ayalandi na Ayalandi ya Kaskazini kwa pamoja, ni milioni saba na ushei. Karibu miaka 180 imepita na hawajarudi pale walipokuwa. Kwa hiyo yule anayekwambia magharibi ya Ayalandi "ni tupu kwa asili yake", mwonyeshe kuta za mawe za nyumba zisizo na paa.

"Mvua ya huko usipime"

Ipime tu. Dublin hupata kama milimita 750 kwa mwaka. Tanga inapata zaidi ya 1,000. Tofauti ni kwamba yetu inashuka kwa hasira ikaisha, na ya huku ni manyunyu ya siku nyingi. Magharibi milimani ndiko kwenye mvua ya kweli. Beba koti lisiloingiza maji, mwavuli uache, upepo wa Atlantiki utaugeuza.

"Nje ya Dublin hutaona msikiti"

Usiku wa kuamkia Ijumaa tulilala Westport tukiwa na wasiwasi huo, na ndiyo sababu tulichepuka hadi Ballyhaunis. Ni mji mdogo wa Mayo wenye msikiti uliojengwa mwaka 1987, kwa sababu ya kiwanda cha nyama halali kilichowaleta Waislamu hapo. Mjomba aliswali Ijumaa na watu wa mataifa asiyoweza kuyahesabu, katikati ya malisho ya ng'ombe. Miji mingine mingi sasa ina mahali pa kuswalia, ingawa pengine ni ukumbi tu wa kukodi, kwa hiyo uliza mapema.

"Miamba ya Moher ndiyo mirefu kuliko yote"

Moher ndiyo maarufu kuliko yote. Urefu wake mkubwa ni mita 214. Slieve League, kule Donegal, inashuka baharini kutoka mita 601, karibu mara tatu. Jumamosi asubuhi tulikuwa pale na watu wasiofika thelathini. Kama una nafasi ya jabali moja tu katika siku zako za mwisho, ningekupeleka Slieve League.

"Mpaka wa kaskazini haupo tena, unapita tu"

Hili ndilo lililonifanya niandike haya yote.

Mjomba alikuwa na ndoto ya kuona Giant's Causeway, zile nguzo za basalti zipatazo 40,000 zilizoachwa na volkeno miaka milioni 50 hadi 60 iliyopita, urithi wa dunia tangu 1986. Kutoka Donegal ni mwendo wa saa mbili hivi. Daftari lilisema: "Mpaka hakuna, hakuna askari, pita." Kila neno la hapo ni kweli isipokuwa la mwisho.

Ukipita, huoni geti wala bendera. Tangu makubaliano ya amani ya tarehe 10 Aprili 1998 vituo vya jeshi vimebomolewa, na barabara zaidi ya 200 zinavuka mpaka huo wa karibu kilomita 500. Utajua umevuka kwa vitu vidogo: mistari ya manjano pembezoni mwa lami inageuka myeupe, vibao vya mwendo vinahesabu kwa maili, na dukani bei ni za pauni. Lakini umeingia Ayalandi ya Kaskazini, sehemu ya Ufalme wa Muungano, yaani Uingereza, nchi nyingine yenye sheria yake ya uhamiaji.

Viza ya Ayalandi si viza ya Uingereza. Wala si ya Schengen, lile eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, maana Ayalandi haimo Schengen, na hilo nalo huwapoteza wengi. Raia wa Uingereza na wa Ayalandi wanatembeleana bila kizuizi kwa mapatano yao ya zamani. Mapatano hayo hayamhusu mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda au Kongo. Hata mimi mwenye kadi ya ukazi wa hapa, kwa pasipoti yangu ya Tanzania, nahitaji viza ya Uingereza ili nivuke. Na kama viza yako ya Ayalandi ni ya kuingia mara moja, ukivuka umetoka nchini. Kurudi kunahitaji viza nyingine. Ukaguzi hufanyika, hasa kwenye mabasi yanayotoka Belfast kuja Dublin. Atakayekamatwa hana hoja, na rekodi hiyo itamfuata kila atakapoomba viza tena.

Kuna mtego wa pili, na huu unawanasa hata wasiokusudia kwenda kaskazini. Tazama ramani ya Donegal. Kaunti hii iko ndani ya Jamhuri, na ncha ya kaskazini kabisa ya kisiwa kizima, Malin Head, iko huko. Yaani "kusini" kunafika kaskazini kuliko "Kaskazini". Lakini Donegal imezungukwa. Kati ya kaunti za Jamhuri inapakana na moja tu, Leitrim, kwa ukanda mwembamba karibu na bahari. Ukiiambia simu ikupeleke Dublin kutoka Letterkenny, itachagua njia fupi inayopita Strabane na Omagh, ndani ya Ayalandi ya Kaskazini, na haitakuuliza viza. Ukianzia Ballyshannon inaweza kukupitisha Enniskillen, vivyo hivyo.

Njia ya mtu mwenye viza moja ni hii: shika N15 kutoka mji wa Donegal, Ballyshannon, Bundoran, kile kipande kifupi cha Leitrim, hadi Sligo. Hapo shika N4 hadi Dublin. Ni ndefu kidogo, lakini mwanzo hadi mwisho uko Jamhuri. Niliiandika kwenye karatasi, nikaibandika kwenye dashibodi, na simu nikaizima.

Kumwambia Mjomba kwamba Causeway hatuendi kulinitia uchungu. Ningepaswa kuuliza miezi mitatu kabla, akaomba viza zote mbili. Alinyamaza kidogo, akasema, "Basi si hoja, mwanangu. Nchi ya watu ina mlango hata kama huuoni."

"Vya kale viko Misri, huko ni makasri ya Waingereza tu"

Jumamosi tulilala Mullingar. Jumapili asubuhi tukakata kwa N52 na N51, tukapita Navan hadi bonde la mto Boyne, kuona Newgrange. Kaburi hilo la mawe lilijengwa kama miaka 3200 kabla ya Kristo, karne sita kabla ya piramidi kubwa ya Giza. Ujia wake ni mita 19, na juu ya mlango kuna tundu lililopimwa ili jua la asubuhi za karibu na tarehe 21 Desemba liingie hadi chumba cha ndani na kukaa kama dakika 17. Siku nyingine wanakuzimia taa, kisha wanakuonyesha kwa taa ya kuiga. Mjomba alishikilia ukuta gizani na kusema "Subhanallah" kwa sauti ya chini.

Usiendeshe hadi mlangoni ukidhani utanunua tiketi hapo. Unaanzia kituo cha wageni cha Brú na Bóinne, wanakupeleka kwa basi lao, na nafasi zinakwisha, hasa wikendi. Tulikuwa tumelipia wiki mbili kabla. Familia iliyokuwa mbele yetu haikulipia, na ilikuwa siku yao ya mwisho pia.

"Sijaona kibanda cha tozo, basi hakuna tozo"

Kwenye M50 inayozunguka Dublin hakuna kibanda, kuna kamera. Inasoma namba ya gari, na unatakiwa ulipe kabla ya saa mbili usiku ya kesho yake, kwa mtandao, kwa simu au kwenye maduka yenye alama ya Payzone. Kwa gari la kukodi, uliza siku ya kwanza kama kampuni inalipa na kukukata baadaye au ni kazi yako. Mimi miaka miwili nyuma sikuuliza. Mwezi mmoja baadaye nilikatwa tozo, adhabu, na gharama ya kampuni ya kushughulikia barua. Kutoka Newgrange hadi uwanja wa ndege, lakini, M1 inakufikisha bila kugusa M50.

Na unapojaza mafuta ya kurudishia gari: pampu ya kijani ni petroli, nyeusi ni dizeli. Ukikosea, bima nyingi za gari la kukodi hazilipi.

"Waairishi na Waingereza ni wamoja, wote walitutawala"

Lilikuwa la mwisho kwenye daftari, na Mjomba alikuwa analiamini. Nilimpeleka makaburi ya Glasnevin, kaskazini mwa Dublin, tukiwa na saa mbili kabla ya kurudisha gari.

Ayalandi ilitawaliwa na Uingereza kwa karne nyingi. Mkataba wa kujitenga ulitiwa saini tarehe 6 Desemba 1921, ukaacha kaunti sita upande wa pili, na jamhuri kamili ikatangazwa 1949. Ni kweli pia kwamba Waairishi wengi walitumikia dola ile kama askari na maofisa, Afrika na India, na hilo halifutiki. Mmoja wao amelala Glasnevin: Roger Casement, kwa Kiairishi Ruairí Mac Easmainn.

Alikuwa balozi mdogo wa Uingereza Kongo. Mwaka 1903 alipanda mto, akawasikiliza wanakijiji wenyewe wakieleza mateka, viboko na mikono iliyokatwa kwa ajili ya mpira wa Mfalme Leopold. Ripoti yake ya 1904 ilisaidia kumnyang'anya Leopold nchi ile. Aliyoyaona huko yalimfanya aitazame upya nchi yake mwenyewe. Akaacha kazi ya Uingereza, akatafuta silaha Ujerumani kwa ajili ya uasi wa 1916, akakamatwa Kerry aliposhuka kutoka nyambizi, na tarehe 3 Agosti 1916 wakamnyonga katika gereza la Pentonville, London.

Aliomba azikwe kwenye ghuba ya Murlough Bay, kaunti ya Antrim, upande wa Ayalandi ya Kaskazini, alikokuwa na mapenzi nako tangu utoto. Mifupa yake ilikaa gerezani karibu miaka 50. Mwaka 1965 serikali ya Uingereza ilikubali kuirudisha kwa sharti moja, kwamba isipelekwe Ayalandi ya Kaskazini. Ndiyo maana yuko Dublin.

Mjomba alivua kofia, akasimama kando ya kaburi kwa muda mrefu, nami nikaanza kuangalia saa. Kisha akafungua daftari, akanipa kalamu.

"Niandikie hilo jina la ghuba, nisije nikalikosea. Safari ijayo tutaomba viza mbili."